Je, Wajerumani wa Sudeten walikuwa wasaliti tangu siku ya kwanza?

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Iringa ameniandikia hivi: "Nafundisha chanzo cha Vita Vikuu vya Pili. Kila mwaka nikifika kwenye mkutano wa Munich nasema kwamba Hitler aliwatumia Wajerumani wachache waliokuwa ndani ya Chekoslovakia, kisha nasonga mbele. Mwaka huu mwanafunzi wangu amenibana. Hao watu milioni tatu, kabla ya Hitler walikuwa wakifanya nini? Walikuwa na vyama? Walipiga kura? Au walikaa tu wakimsubiri? Sikuwa na la kumjibu."

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi huyo amegusa mahali ambapo vitabu vya shule hupita haraka mno. Nitakujibu kwa kirefu, maana jibu la mstari mmoja ndilo lililotufikisha hapa.

Wajerumani hao wa Chekoslovakia, ndio wanaoitwa Wajerumani wa Sudeten, hawakukaa wakimsubiri Hitler. Kuanzia Oktoba 1926 hadi Machi 1938, miaka kumi na mmoja na ushei, hapakuwa na baraza la mawaziri mjini Praha, mji mkuu wa Chekoslovakia, lisilo na Mjerumani angalau mmoja ndani yake. Katika uchaguzi wa 1929, takriban robo tatu ya kura za Wajerumani zilikwenda kwa vyama vilivyokubali kushirikiana na dola hiyo. Miaka sita baadaye, Mei 1935, theluthi mbili ya Wajerumani hao hao walimpigia kura Konrad Henlein, mtu ambaye baadaye alikuja kuwa chombo cha Hitler. Kwa hiyo cha kumweleza mwanafunzi wako ni hilo geuko: nini kilitokea kati ya 1929 na 1935. Anayesema walizaliwa wasaliti hawezi kulieleza, kwa sababu kwake yeye hakuna kilichogeuka.

Kwanza tuwajue ni akina nani. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kudhani kwamba watu hawa walikatwa kutoka Ujerumani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Sivyo. Wahenga wao walihamia Bohemia na Moravia, nchi za Wacheki, katika karne za kati, wengi kwa kualikwa na wafalme wa nchi hiyo, wakafyeka misitu ya milimani, wakachimba madini, wakajenga miji. Dola ya Ujerumani ilipoundwa mwaka 1871 wao hawakuwamo. Mji wao mkuu ulikuwa Vienna, na mfalme wao alikuwa wa ukoo wa Habsburg, watawala wa Austria. Hitler alipodai kwamba anawarudisha nyumbani, alikuwa akiwapeleka mahali ambapo hawakuwahi kuwa.

Katika dola ya Habsburg wao ndio waliokuwa na lugha ya ofisi, ya jeshi na ya biashara kubwa. Oktoba 28, 1918 Wacheki walitangaza jamhuri ya Chekoslovakia, na kwa usiku mmoja Wajerumani wakawa wachache. Sensa ya 1921 iliwahesabu zaidi ya milioni 3.1, kama asilimia 23 ya wananchi wote. Walikuwa wengi kuliko Waslovakia, ambao jina lao lilikuwa kwenye jina la nchi. Hilo peke yake lilitosha kuwachoma.

Siku iliyofuata, Oktoba 29, wabunge wao waliokuwa Vienna walitangaza kwamba maeneo yao ni sehemu ya Austria ya Kijerumani. Serikali ndogo ikakaa mji wa Liberec, wao wakiuita Reichenberg, chini ya Rudolf Lodgman von Auen. Haikuwa na jeshi la maana wala chakula cha kutosha. Kufikia mwisho wa Desemba wanajeshi wa Kicheki walikuwa wameshaingia karibu kila mji, tena bila mapigano makubwa. Lodgman na wenzake wakakimbia.

Machi 4, 1919 bunge jipya la Austria lilikutana Vienna kwa mara ya kwanza, na Wajerumani wa Chekoslovakia hawakuruhusiwa kulipigia kura. Chama cha kisoshalisti cha Wajerumani kiliitisha mgomo, watu wakajaa katika viwanja vya miji. Katika miji kadhaa wanajeshi walifyatua risasi. Walikufa zaidi ya watu 50, na mji wa Kadaň ndio ulioumia kuliko yote. Nakuomba siku hiyo uitaje darasani. Kwa miaka yote iliyofuata ilikuwa siku ya kuzuru makaburi, na kila mwanasiasa aliyetaka kuwachochea watu alijua pa kwenda.

Kuna jeraha jingine ambalo halikumwaga damu. Katiba ya Februari 29, 1920 iliandikwa na bunge la mpito ambalo halikuwa na Mjerumani hata mmoja. Na Rais Tomáš Masaryk, mtu mwungwana na mpenda haki kwa kipimo chochote, katika hotuba yake ya kwanza mwezi Desemba 1918 alisema kwamba Wajerumani walikuja nchini kama wahamiaji na walowezi. Alitaka kueleza historia tu. Lakini mwenzako ambaye kaburi la babu wa babu yake liko nyuma ya nyumba, ukimwita mlowezi, hatalisahau neno hilo.

Sasa tuingie kwenye siasa zenyewe.

Katiba ile, pamoja na namna ilivyoandikwa, iliwapa haki za kweli. Wanaume na wanawake wote walipiga kura, tena kupiga kura kulikuwa ni lazima kisheria. Viti vilitolewa kwa uwiano wa kura, kwa hiyo chama cha Wajerumani kilipata viti kwa kadiri ya nguvu yake. Wabunge wao waliruhusiwa kuhutubia bungeni kwa Kijerumani. Walikuwa na shule zao kuanzia vidudu hadi chuo kikuu, pale pale Praha. Katika uchaguzi wa kwanza, Aprili 1920, walipata wabunge 72 kati ya 281, na wasoshalisti wa Kijerumani peke yao walichukua viti 31, wakawa chama cha pili kwa ukubwa katika bunge zima.

Lugha ilikuwa na kanuni yake, na mwanafunzi atakayeielewa kanuni hiyo ameelewa nusu ya ugomvi wote. Katika kila wilaya ya mahakama, wachache wakifika asilimia 20 ya wakazi, wana haki ya kuhudumiwa kwa lugha yao. Wasipofika, hawana. Sasa mfikirie mkulima anayekwenda kuandikisha kiwanja cha urithi. Sensa ikiwakuta ni asilimia 21, karani anampokea kwa Kijerumani. Sensa inayofuata ikiwakuta ni 19, karatasi ile ile hairuhusiwi kupokelewa mpaka iandikwe kwa lugha ya dola. Ndiyo maana kila sensa iligeuka kuwa kama uchaguzi. Karani wa sensa aliyepita mlangoni na daftari lake alitazamwa kwa jicho la shaka, na watu walihesabu familia za mtaa mmoja mmoja. Polisi wawili watatu wa Kicheki wakihamishiwa mji mdogo pamoja na wake na watoto wao, wakafunguliwa shule yao, mtaa mzima ulianza kupiga hesabu ya asilimia.

Vyama vyao viligawanyika makundi mawili. Wenyewe waliyaita ya wakataaji na ya watendaji. Wakataaji, akina Lodgman, walisema dola hii haina uhalali, tuingie bungeni kupinga kila kitu. Watendaji walisema dola ipo, haiondoki, tuingie ndani tupate tunachoweza kupata. Mwanzoni wakataaji ndio waliosikika zaidi. Lakini siasa ya kukataa haileti barabara wala haizuii shule kufungwa, na wapiga kura waliligundua hilo mapema. Mwaka 1925 Lodgman alishindwa uchaguzi, akaachana na siasa.

Oktoba 1926 Waziri Mkuu Antonín Švehla, mwenyewe mkulima na kiongozi wa chama cha wakulima wa Kicheki, aliunda serikali ya mseto akiwa na mawaziri wawili wa Kijerumani. Franz Spina wa chama cha wakulima cha Wajerumani alipewa ujenzi wa umma. Robert Mayr-Harting wa chama cha Wakatoliki alipewa sheria. Spina namheshimu sana. Alikuwa profesa wa lugha na fasihi ya Kicheki katika chuo kikuu cha Wajerumani cha Praha: mtu aliyetumia maisha yake kuisoma lugha ya jirani ambaye wenzake walimwona adui. Mwaka 1929 wasoshalisti nao waliingia serikalini, na kiongozi wao Ludwig Czech akawa waziri wa ustawi wa jamii.

Kilichowakutanisha wakulima wa pande mbili hakikuwa mapenzi. Kilikuwa ushuru wa nafaka kutoka nje. Mkulima wa Kicheki na mkulima wa Kijerumani walitaka bei ile ile ya ngano. Hapo ndipo ninapoona tumaini la jamhuri ile lilipokuwa: pale mtu alipojiona mkulima, au mfanyakazi, au Mkatoliki, kabla ya kujiona Mjerumani. Vyama vile vilijengwa juu ya tabaka na imani, na tabaka na imani vina ndugu upande wa pili wa lugha.

Na udhaifu wake uko hapo hapo. Mawaziri wale walipata uwaziri, hawakupata mabadiliko makubwa ya kuwaonyesha watu wao. Mageuzi ya ardhi yaliyagusa mashamba makubwa, mengi yakiwa ya makabaila wa Kijerumani, na ardhi iliyogawanywa ilikwenda zaidi kwa Wacheki. Sheria za lugha ziliwatoa maelfu ya Wajerumani katika reli, posta na ofisi za serikali kwa kushindwa mtihani wa Kicheki. Kila mara Spina aliporudi jimboni na mikono mitupu, wakataaji walipata kura mpya. Wanasiasa wa Praha walikuwa na miaka saba, 1926 hadi 1933, ya kuwapa watu hawa wenye nia njema kitu cha kuwapeleka nyumbani. Hawakukitoa. Nalisema hili nikijua wapo watakaoniona nawalaumu waliodhulumiwa; lakini ukweli wa 1938 haufuti ukweli wa 1928.

Kisha uchumi wa dunia ukaanguka.

Chukua mji wa Jablonec, milimani kaskazini, Wajerumani wakiuita Gablonz. Kazi yake ilikuwa shanga na mapambo ya vioo. Katika vijiji vinavyouzunguka, familia zilifanyia kazi nyumbani: baba mbele ya taa ya moto akiyeyusha fimbo ya kioo, mama na watoto wakitunga shanga kwenye nyuzi kwa mafungu, na mwishoni mwa juma mzigo unapelekwa kwa mfanyabiashara wa kuuza nje. Shanga hizo zilifika mpaka kwetu. Nyingi za zile zilizovaliwa na mabibi zetu, shingoni na viunoni, zilitoka katika vilima hivyo. Sehemu kubwa ya viwanda vya Wajerumani ilikuwa ya namna hii: kioo, kauri, nguo, vitu vya kuchezea watoto, ala za muziki. Ni vitu ambavyo mtu huacha kuvinunua mara tu mfuko unapopungua, na vilitegemea masoko ya nje. Wacheki wa bondeni walikuwa na ngano, chuma na silaha, vitu vyenye mnunuzi hata katika dhiki.

Kwa hiyo pigo halikuwa sawa. Mapema mwaka 1933 nchi nzima ilikuwa na watu zaidi ya 900,000 walioandikishwa kuwa hawana kazi, na wilaya za Wajerumani ziliongoza. Vijiji vizima vilikaa bila mshahara. Asiye na bima ya chama cha wafanyakazi alipewa kadi za chakula: kroni 10 kwa juma kwa asiye na mke, kroni 20 kwa mwenye familia. Waziri aliyehusika alikuwa Ludwig Czech, na watu wakaziita kadi hizo kwa jina lake. Hebu tazama jambo hilo kwa utulivu. Msoshalisti wa Kijerumani, aliyeingia serikalini kuwatetea wafanyakazi wa Kijerumani, jina lake likawa jina la njaa yao.

Februari 4, 1931, karibu na mji wa Duchcov, askari walifyatulia risasi maandamano ya watu wasio na kazi, wakafa wanne. Msafara ule ulichanganya Wacheki na Wajerumani, tena uliongozwa na wakomunisti. Haukuwa ugomvi wa makabila. Lakini tangu hapo dola ilionekana kwa wenye njaa kama bunduki, na vyama vilivyokaa ndani ya dola vilionekana vimeshika kitako cha bunduki hiyo. Ng'ambo ya mpaka, kuanzia 1933, Ujerumani ya Hitler ilikuwa ikitangaza kazi kwa wote. Mtu wa Aš au wa Cheb, miji ya mpakani, aliweza kuvuka kwa miguu akaone. Aliona viwanda vinavyofuka moshi. Kambi za mateso hakuonyeshwa.

Hapo ndipo anapotokea Konrad Henlein, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika mji wa Aš. Usilidharau hilo la mazoezi ya viungo. Vilabu vya jimnastiki vilikuwa na matawi katika kila mji, vikiwa na sare, nidhamu, gwaride na bendera. Vilikuwa ni jumuiya iliyokwisha kujipanga ikisubiri siasa ya kuibeba. Kulikuwa tayari na chama cha Kinazi cha Wajerumani wa Bohemia, chenye mizizi mikubwa kuliko kile cha Hitler: kilianza mwaka 1904 kama chama cha wafanyakazi na kubadili jina mwaka 1918. Oktoba 1933 chama hicho kilijivunja siku chache kabla ya kupigwa marufuku. Oktoba 1 mwaka huo huo, pale Cheb, Henlein alitangaza umoja wake mpya. Si chama, alisema, bali ni umoja wa kila Mjerumani juu ya vyama vyote. Aprili 1935 serikali ilimtaka abadili jina ili ashiriki uchaguzi, ukazaliwa Chama cha Wajerumani wa Sudeten.

Uchaguzi wa Mei 19, 1935 kilipata kura takriban 1,250,000, asilimia 15.2 ya kura zote. Hakuna chama nchini, cha Kicheki wala cha Kijerumani, kilichopata kura nyingi kama hizo. Mahesabu ya majimbo tu ndiyo yaliyowapa wakulima wa Kicheki viti 45 na Henlein 44. Chama cha Spina kikabaki na viti 5. Wakatoliki 6. Wasoshalisti, waliokuwa 31 mwaka 1920 na 21 mwaka 1929, wakabaki 11.

Mwanafunzi wako atauliza: je, Henlein alikuwa Mnazi tangu mwanzo? Wanahistoria wamebishana na bado wanabishana. Maoni yangu ni haya. Ndani ya chama chake palikuwa na makundi mawili. Moja, lililokuwa karibu naye mwanzoni, lilitaka utawala wa ndani chini ya mabwana wa Kijerumani, likichukia demokrasia lakini bila kutaka kumezwa na Berlin. La pili, likiongozwa na watu kama Karl Hermann Frank, lilikuwa la Kinazi waziwazi. Henlein alitangatanga kati yao kwa hadhari ya mtu asiye na msimamo wake. Lakini fedha za Berlin zilimfikia mapema kama kampeni ya 1935, na anayekula kwa mkono wa mtu hachagui njia. Alikwenda London mara kadhaa akiwahakikishia Waingereza kwamba hana uhusiano na Hitler, nao walimsadiki. Novemba 19, 1937 alimwandikia Hitler akieleza kwamba shabaha ni kuitia Bohemia na Moravia yote ndani ya Ujerumani. Baada ya barua hiyo hakuna tena cha kubishania.

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1937 wapo waliojaribu njia nyingine, na hawa ndio wanaoniumiza moyo. Vijana watatu kutoka vyama vitatu vya serikalini, Wenzel Jaksch msoshalisti, Hans Schütz Mkatoliki, Gustav Hacker wa wakulima, waliibana serikali ya Waziri Mkuu Milan Hodža itekeleze usawa kwa vitendo. Februari 18, 1937 serikali iliahidi ajira za serikali kwa uwiano, zabuni za umma kwa makampuni ya maeneo yao, na fedha za ustawi kwa kadiri ya ukosefu wa kazi. Ndicho hasa kilichohitajika. Kilihitajika mwaka 1927.

Machi 13, 1938 Hitler aliimeza Austria. Ndani ya wiki mbili chama cha wakulima na cha Wakatoliki vilijiunga na Henlein. Machi 28 Henlein alikuwa mbele ya Hitler mjini Berlin, na maelekezo aliyoyapokea aliyafupisha mwenyewe: tudai kila mara kiasi ambacho hatuwezi kuridhishwa. Ukimpa shubiri achukue pima, na pima nayo isiwe kitu. Aprili 24, kule Karlovy Vary, alitoa madai manane, la mwisho likiwa uhuru wa kufuata itikadi ya Kijerumani, yaani Unazi, ndani ya jamhuri ya kidemokrasia. Katika chaguzi za halmashauri za Mei na Juni chama chake kilipata karibu asilimia 90 ya kura za Wajerumani.

Mwanzoni mwa Septemba Rais Edvard Beneš alitoa mpango wake wa nne uliokubali karibu kila dai la Karlovy Vary. Kwa wale waliotaka kweli utawala wa ndani, huo ulikuwa ushindi. Kwa uongozi wa chama ulikuwa balaa, kwa sababu ungebidi waseme ndiyo. Septemba 7, katika mji wa Moravská Ostrava, palitokea vurugu, ikadaiwa kwamba mbunge wao mmoja amepigwa mjeledi na polisi wa farasi. Kwa mjeledi huo mmoja mazungumzo yalivunjwa. Wiki moja baadaye Henlein alikuwa ng'ambo ya mpaka akiunda kikosi cha wapiganaji, na usiku wa Septemba 29 kuamkia 30 mkutano wa Munich ukamaliza kazi: maeneo yao akapewa Hitler. Ndiyo sababu nasema: ukitaka kumwonyesha mwanafunzi wako mahali ambapo uongozi ule uliwasaliti hata watu wake wenyewe, mwonyeshe Septemba 7, 1938.

Usiwachukue hawa kuwa kipimo cha kila Mjerumani wa nje. Paul Schiemann, mwanasheria na mhariri wa gazeti la Kijerumani mjini Riga, aliongoza wabunge wa Kijerumani wa Latvia, akafundisha kwamba dola si mali ya kabila lolote, na kwamba utaifa wa mtu uwe kama dini yake. Wanazi walimsukuma nje ya gazeti lake mwaka 1933. Wakati wa vita, mgonjwa na amefungiwa nyumbani, alimficha msichana wa Kiyahudi, ambaye alipona. Na kule Tirol ya Kusini, kaskazini mwa Italia, chini ya Mussolini, Wajerumani walipigwa marufuku hata kuwafundisha watoto wao Kijerumani. Walimu vijana wa kike walifundisha kwa siri jikoni na darini. Kama kuna Wajerumani waliohitaji mtetezi, ni hao. Hitler hakuwatetea, kwa kuwa alimhitaji Mussolini, na mwaka 1939 wakatakiwa wachague: wahamie Ujerumani au wabaki wawe Waitalia. Mweke mwanafunzi wako kesi hizi mbili, Sudeten na Tirol, bega kwa bega, aone mwenyewe kama Berlin ilijali haki za wachache.

Na kwa kuwa unaandika kutoka Iringa, utaulizwa habari za Wajerumani waliokuwa na mashamba huko na Usambara. Waliruhusiwa kurudi Tanganyika kuanzia 1925, na miaka ya 1930 chama cha Nazi kilikuwa na matawi yake miongoni mwao, mpaka Waingereza walipowaweka kizuizini vita ilipoanza Septemba 1939. Lakini usiwachanganye. Wale wengi wao walikuwa raia wa Ujerumani waishio ugenini. Watu wa Jablonec na Cheb walikuwa wananchi wa nchi yao, wapiga kura wake, walipa kodi wake.

Limebaki kundi moja ambalo mwanafunzi wako hakuliuliza kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa lilikuwapo. Katika chaguzi zile za 1938, wakati duka lisilo na bendera ya Henlein liliporushiwa mawe na mfanyakazi asiyejiunga alipofukuzwa kazi, kama Mjerumani mmoja kati ya kumi bado alikataa. Wengi wao walikuwa wasoshalisti wa Jaksch. Baada ya Munich maelfu walikimbilia bondeni kwa Wacheki, na wengi wakarudishwa kwa treni hadi mikononi mwa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, kisha kambi ya mateso ya Dachau. Jaksch alifika London. Ludwig Czech, ambaye alikuwa wa asili ya Kiyahudi, alikufa mwaka 1942 katika geto la Theresienstadt, mahali Wanazi walipowafungia Wayahudi. Takriban watu 1,000 walipelekwa Kanada mwaka 1939, mafundi wa kioo na wafanyakazi wa viwanda, wakapewa mashamba ya makampuni ya reli huko Saskatchewan na British Columbia, wakaanza kujifunza kukamua ng'ombe.

Vita ilipokwisha, Henlein alijiua kizuizini Plzeň, Mei 10, 1945, na Wajerumani takriban milioni tatu walifukuzwa nchini. Waliothibitika kuwa walipinga Unazi sheria iliwaruhusu kubaki. Wengi wao hawakuweza. Katika mitaa yao Kijerumani chochote kilikuwa kimeshakuwa lugha ya adui. Mwaka 1946 waliondoka kwa treni zao maalumu, na tofauti yao na wengine ilikuwa kwamba waliruhusiwa kubeba samani za nyumbani.